Si Mbaya Sana

Verla Tollefsrud alipoingia mahakama ya shirikisho mjini Saint Paul, jimboni Minnesota, kitu cha kwanza alichokitafuta ni watu wa jopo. Tangu utotoni alifundishwa kwamba Marekani mtu akidhulumiwa kazini husimama mbele ya raia wenzake, walimu, wafugaji na mafundi bomba, akawaeleza kwa kinywa chake, nao, hilo ndilo jopo, wakaamua. Sasa anatazama kushoto, viti vitupu. Anatazama kulia, ukuta.

"Wamechelewa?" akamnong'oneza wakili wake.

"Nani?"

"Watu wa jopo, mama. Nani tena?"

Wakili alikuwa Renata Kowalczyk, mwanamke wa New Jersey, mwenye maneno ya haraka kama mahindi yanayokaangwa. "Verla, si nilikueleza kwenye simu? Leo jaji anaangalia kama kuna kesi ya kupeleka kwenye jopo."

"Si ndiyo hii?"

"Hii ni ya kujua kama ipo."

Haya! Kesi ya kuulizia kesi. Maskini Verla alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na njia nzima garini alikuwa akikariri atakayoyasema. Akakaa, mkoba mapajani, asielewe hata chembe.

Na alichotaka kusema hakikuwa kirefu. Alikuwa mkuu wa kitengo cha kufungasha katika kiwanda cha nyama ya bata mzinga, kazi aliyoianza kabla hajaolewa. Meneja wake, Loren Skaar, alimfukuza, nafasi akapewa kijana. Wiki moja kabla ya hapo, Loren huyo huyo alisema kwenye mapumziko ya kahawa kazini kwamba kiwanda kinahitaji damu changa. Kiwanda kikajitetea kuwa si umri, ni kwamba Verla alishindwa na mashine mpya. Uongo mtupu! Ni Verla aliyewafundisha wote mashine ile, na huyo kijana akiwemo. Pesa hakuzililia. Alitaka watu wasikie kwamba kazi aliiweza, basi. Usiku alikuwa akilia kwa ajili ya neno hilo moja, "alishindwa".

Akasimama wakili wa kiwanda, kijana wa Chicago mwenye viatu vya kung'aa. Akaanza kusoma majibu ya Verla mwenyewe, yale aliyoyatoa kwa kiapo ofisini kwao majira ya kuchipua, kila neno likichapwa.

"Aliulizwa: uliimudu vipi mashine mpya? Akajibu: si mbaya sana. Aliulizwa: kwa hiyo ilikuwa mbaya kidogo? Akajibu: sijui, nadhani mtu anaweza kufanya vizuri zaidi siku zote." Kijana akainua macho. "Mheshimiwa, amekiri mwenyewe."

Jamani! Huyo Mchicago hajui kitu. Minnesota mtu hajisifu. Ukila chakula kitamu mpaka machozi yakulenge, unasema si mbaya sana. Mkeo akijifungua mapacha wazima, si mbaya sana. Anayethubutu kusema "mimi ni hodari" atasengenywa kwenye kahawa ya kanisani mpaka siku ya mazishi yake. Verla alikuwa amejisifu mpaka mwisho wa adabu, naye akaona aibu kwa kuzidisha.

Jaji Ostby, mtoto wa wafugaji wa kaskazini ya jimbo hilo hilo, akatabasamu. "Mama yangu alikuwa akisema hivyo hivyo," akasema. "Alisema hivyo hata siku nilipoapishwa."

Moyo wa Verla ukaruka. Huyu ni wetu, huyu ameelewa! Akambana Renata mkono.

"Lakini siwezi kuamua kwa ninayoyajua kwa mama yangu," jaji akaendelea, na tabasamu likaondoka. "Naamua kwa yaliyo mbele yangu. Hilo la damu changa lilisemwa kwenye kahawa, si wakati wa kumfukuza, na sheria inaliita neno la kupita. Kiwanda kimetoa sababu yake. Mlalamikaji alipaswa kuniletea angalau mtu mmoja wa kusema kwamba sababu hiyo ni ya uongo, kwamba mama huyu mashine aliijua. Hakuletwa hata mmoja. Jopo halitaitwa. Kesi inaishia hapa."

Verla akasimama. Renata akamvuta gauni, akakataa kuketi. "Samahani, Mheshimiwa. Samahani sana. Mimi nasema lini?"

Jaji akamtazama kwa huruma ya kweli, jambo lililomchanganya zaidi. "Ulishasema, Bi. Tollefsrud."

Nje, kwenye ukumbi, Verla alizunguka kama mtu aliyesahau alikoegesha gari. "Amenielewa," alirudia. "Kanielewa, halafu kanikatalia. Inakuwaje hiyo, Renata?"

"Ndivyo zinavyokwenda nyingi za kazini. Hazifiki kwenye jopo. Wenzako waliogopa kuja, ningefanyaje mimi?"

Ndipo Loren Skaar akatokea, kofia mkononi, uso mwekundu. Akamkwepa Renata, akaja moja kwa moja. "Verla, pole. Kusema kweli, hakuna aliyeijua mashine ile kama wewe. Tangu uondoke inakwama kila siku."

Verla akamshika wakili wake bega. "Renata! Umesikia? Kimbia, kamwambie jaji, bado yumo ndani!"

"Haiwezekani," Renata akasema polepole. "Ushahidi umeshafungwa. Hata tukikata rufaa watasoma yale yale ya zamani."

"Basi wewe, Loren." Alipaza sauti, na kwa mara ya kwanza maishani hakujali nani anamsikia. "Siku ile ulipoitwa kuhojiwa kama mimi, ulikaa na wakili wangu asubuhi nzima, umeapa, kila neno linachapwa. Mbona hukulisema hili?"

Loren akamtazama Renata, kisha akatazama kofia yake. "Nilikuwa tayari, Verla. Aliniuliza habari za damu changa tu, damu changa, mpaka chakula cha mchana. Habari ya mashine hakuniuliza."

Verla akamgeukia wakili wake, naye Renata Kowalczyk, wa maneno ya haraka, akaanza kupanga upya karatasi zake.