Umri wa Mfuko wa Damu

Wivu ulimwingia Profesa sebuleni kwa mama yake, Jumapili moja mchana, wakati mama alipoweka kikombe chini na kusema kwamba mdogo wake Profesa alikuwa amemweleza kazi ya kuandika programu, naye ameielewa vizuri sana.

"Ni kama kumwachia mtu maagizo ya nyumba ukiwa safarini," mama alisema. "Kumbe hiyo ndiyo kazi yenu?"

Profesa alitabasamu kwa meno tu. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na miwili, na miaka yote hiyo mama aliwaambia majirani kwamba binti yake mkubwa "anashughulika na mashine", kwa sauti ya kutaja maradhi yasiyojulikana jina. Jina la Profesa alipewa na wajomba zake siku alipofaulu kwenda chuo, na hakuna aliyewahi kumuuliza huko chuoni alikuwa akisoma nini hasa.

Alisoma kwa shida. Chuo kilikuwa na mashine nne na wanafunzi sitini. Programu uliiandika kwanza daftarini kwa penseli, ukaikagua mstari kwa mstari hadi macho yakawasha, maana zamu yako ilikuwa nusu saa kwa wiki, na ukikosea alama moja ulirudi bwenini mikono mitupu. Mashine zenyewe zilikuwa na kumbukumbu ndogo, kwa hiyo kila kitu kilipewa jina fupi kuliko yote: A1, D2, XX. Alipoajiriwa kwenye benki ya damu, aliandika kwa mtindo uleule programu iliyojua kila mfuko uko rafu gani, ni wa kundi gani, na utaharibika lini. Hakuna mwingine aliyeweza kuisoma. Mwanzoni ufupi ule ulikuwa wa lazima. Baadaye ukawa ngome. Programu ikikwama aliitwa yeye, hata akiwa harusini, naye alikuwa akinung'unika njia nzima huku moyoni anaona raha.

Mdogo wake alikuwa fundi wa nguo kwa miaka kumi na mmoja. Alianza kujifunza kwa video za simu, akisubiri wateja waje kupima. Siku alipomwomba dada yake amwelekeze, Profesa alimpa kitabu kinene kama tofali na kumwambia akimalize kwanza, akijua hatakimaliza. Alikirudisha baada ya miezi mitatu, kimejaa vikaratasi, na maswali aliyouliza yalikuwa mazuri kuliko Profesa alivyopenda. Kisha nafasi ikatokea pale pale benki ya damu, mdogo mtu akaomba bila kusema kitu, akaipata. Siku ya kwanza Profesa alimtambulisha kwa wenzake kama "Cherehani", akitarajia wacheke. Walicheka kweli, lakini jina wakalipenda, na mwenye jina wakampenda zaidi.

Cherehani aliandika programu kama alivyokata nguo. Fundi mzuri, alisema, huandika kwa chaki juu ya kila kipande, mbele, nyuma, mkono wa kulia, ili hata akiugua mwingine aweze kushona. Katika kazi yake hukukuta A1. Ulikuta kundi_la_damu, idadi_iliyobaki, na kila baada ya mistari michache sentensi moja inayoeleza kwa nini jambo limefanywa hivyo. Watu walianza kusimama kwenye meza yake. Muuguzi aliyesimamia ghala la damu, ambaye kwa miaka hakuwahi kumuuliza Profesa lolote zaidi ya "imetengemaa?", sasa alikuwa akivuta kiti na kusoma pamoja na Cherehani kama watu wanaosoma barua ya ndugu. Profesa akipita, alijikuta anaharakisha mwendo.

Mkuu wa kitengo akaamua programu ya zamani iandikwe upya, kipande baada ya kipande. Sehemu ya kuhesabu umri wa mifuko alipewa Cherehani. Profesa alitakiwa kuipitia na kutia sahihi.

Aliisoma Jumanne asubuhi, mlango umefungwa. Ilikuwa nzuri, na uzuri wake ulimchoma. Lakini ukurasa wa pili ulimsimamisha. Umri wa mfuko ulikuwa ukihesabiwa tangu siku ulipofika ghalani. Hilo ni kosa. Damu huanza kuzeeka tangu inapotoka mkononi mwa mchangiaji, na mifuko inayotoka vituo vya mbali huweza kukaa njiani siku mbili. Programu ingeiona mibichi wakati imekwisha muda. Kosa la mgeni. Hata yeye aliwahi kulifanya, mwaka wake wa kwanza.

Kalamu ilikuwa mkononi. Alijiambia kwamba Alhamisi programu itajaribiwa mbele ya watu wote kwa mifuko ya mfano, kosa litaonekana, hakuna atakayedhurika, na Cherehani atajua kwamba kazi hii haifanani na kupinda ukingo wa sketi. Alijiona akisimama pale, mpole, akimweleza kila mtu lilipo tatizo. Akaandika: "Nimepitia. Ni sawa."

Jioni mkuu wa kitengo alipita akiwa na furaha. Alisema kama Profesa mwenyewe ameipitisha, hakuna haja ya majaribio. Alhamisi itaanza kazi moja kwa moja na mifuko halisi. Ilikuwa rahisi kusema subiri, nimeona jambo. Neno lilifika kwenye ulimi, likarudi. Jumatano nzima alilibeba hivyo hivyo, kila saa likawa zito zaidi, maana sasa angelazimika kueleza kwa nini hakulisema jana.

Alhamisi walikusanyika ghalani, kati ya majokofu yanayonguruma. Kabla mkuu wa kitengo hajaruhusu programu ianze, muuguzi akainua karatasi aliyoichapa ofisini kwake.

"Samahani, mimi si mtaalamu," alisema. "Lakini hapa pameandikwa umri wa mfuko ni leo kutoa siku ulipofika. Mfuko hauzeeki tangu ulipofika kwangu. Unazeeka tangu ulipotolewa."

Cherehani aliichukua karatasi, akasoma, akashika kichwa. Alisema ni kweli, kosa ni lake, na akamshukuru muuguzi mara mbili. Mkuu wa kitengo aliamuru kazi isimame, kisha akamgeukia Profesa na kumuuliza kama hakuliona.

"Lilinipita," Profesa alisema.

Cherehani aliinua macho akamtazama dada yake. Alimsubiri kwenye ngazi, walipobaki wawili.

"Dada, uliliona?"

Profesa alifikiria majibu matatu, yote ya uongo. "Niliona," alisema. "Jumanne."

"Nilidhani utanichokoza. Utaniandikia kwa wino mwekundu, uniite Cherehani mbele ya watu. Hilo nililizoea. Lakini ile damu ingeingia kwa mtu, dada. Mtu aliyelala hajijui."

Akashuka ngazi. Hakugombana, hakumwambia mama, na hilo lilimuumiza Profesa kuliko matusi.

Kesho yake, bila kuitwa, Profesa aliingia kwa mkuu wa kitengo akaeleza yote. Hakujitetea. Alipewa onyo kwa maandishi na kuondolewa kwenye ukaguzi kwa miezi sita. Kazi za Cherehani zikawa zinapitiwa na mtaalamu kutoka kitengo kingine, na muuguzi akiketi kando. Profesa alikabidhiwa kuandika maelezo ya programu yake mwenyewe ya zamani. Hapo alikutana na kiburi chake uso kwa uso. Kulikuwa na sehemu alizoziandika kwa mkono wake ambazo alizitazama siku mbili bila kukumbuka zinafanya nini. Hakuwa na wa kumuuliza.

Kwa muda mrefu ndugu hao walisalimiana tu. "Umeamkaje, dada?" "Salama, mdogo wangu." Jumapili kwa mama walikaa ncha mbili za kochi moja, na mama, ambaye si mjinga, alizungumza kuhusu mvua.

Miezi sita ilipokwisha, Cherehani alimwekea mezani kurasa nne. Alisema hana uhakika na ya tatu, na kwamba angependa asomewe na mtu mkali. Profesa alisoma asubuhi nzima. Alikuta makosa mawili, akayaandika yote mawili, na chini yake akaandika kwamba iliyobaki ni nzuri. Alasiri alimsikia mkuu wa kitengo akiisifu kazi ile mbele ya wenzake, na wivu ukamchoma palepale ulipokuwa ukimchoma siku zote. Akainuka akaenda kusimama nao.