Gauni la Kigango

Asubuhi hiyo Generosa alikuwa akipalilia pamba shambani kwa wakwe zake, kijijini Didia, akiwa na jembe, kibuyu cha maji na gauni jeupe la harusi mwilini. Harusi yenyewe ilikuwa imepita miaka miwili. Gauni lilikuwa mali ya kanisa la kigango. Kila binti aliyefunga ndoa aliliazima, akalifua, akalirudisha. Generosa naye alilifua na kulianika. Kesho yake aliamka amelivaa. Alijaribu tena na tena, halafu akaona anamaliza sabuni bure. Udongo haukulishika, na hilo lilikuwa afadhali.

Katika mji ule wa wakwe zake mke mgeni aliitwa bibi harusi mpaka azae, ndipo aitwe mama fulani. "Bibi harusi, ndama wamefungwa?" "Bibi harusi, ugali unaungua huo." Mumewe, Jilala, alikuwa machimboni Mwakitolyo akitafuta dhahabu. Aliporudi alimwita "wewe", jambo ambalo halikuligusa gauni kwa vyovyote.

Mwaka wa kwanza Generosa alizaa mtoto wa kiume. Mtoto hakulia. Wanawake walimfunga kwenye kanga, wakamzika nyuma ya nyumba. Mama Jilala, mkwe wake, akasema asiyelia hapewi jina. Jioni akaita, "Bibi harusi, njoo unywe uji." Aliita kwa huruma. Generosa akaenda, na gauni lake.

Ila Generosa alikuwa amekwisha kumpa mtoto jina, kimoyomoyo: Athanas.

Kilichowasumbua watu ni kwamba gauni lilikuwa la kuazima. Katekista Bartholomeo alifika akakaa kwenye kigoda.

"Mwanangu, Klara wa hapo jirani anafunga ndoa mwezi ujao. Tufanyeje?"

"Lichukue, baba. Mimi sijakataa."

Alilichukua, akalifungia kabatini. Asubuhi kabati lilikuwa tupu, kufuli zima, na Generosa alikuwa shambani, kajaa tele katika gauni lake.

Siku ya mnada alikwenda sokoni kununua chumvi kwa Mwanaidi, mfanyabiashara wa Shinyanga mjini. Mwanaidi alipapasa kitambaa, akasema ni satini ya zamani, siku hizi haipatikani.

"Shikamoo, mama," alisema Generosa.

"Marahaba. Nikuite mama nani?"

Generosa alitazama chumvi. "Mama Athanas."

"Haya, Mama Athanas. Athanas hajambo?"

"Amelala."

"Mwache alale. Nikupimie kiasi gani?"

Vifungo vya mgongoni vikafunguka kimoja kimoja. Mwanaidi akamzungushia kanga kabla watu hawajageuka, akaendelea kupima. Mchana kutwa gauni lilining'inia mkononi mwa Generosa kama nguo nyingine yoyote. Jioni Mama Jilala aliita kutoka uani, "Bibi harusi, kuni," likarudi mwilini.

Usiku huo Generosa alimpigia magoti mkwe wake. "Mama, naomba uniite Mama Athanas. Hata mara moja tu kwa siku."

Mama Jilala alikuwa akichambua mchicha. Hakukasirika. "Mimi nilizika watatu kabla ya Jilala, mwanangu. Kama wangeitwa, nani angeitika?"

"Wewe ulivaa nini?"

"Shanga. Kiunoni mpaka kifuani. Zilikatika zenyewe siku Jilala alipolia."

"Na hao watatu, uliwaita nani?"

Mama Jilala aliendelea na mchicha. "Kalale, bibi harusi."

Mwanaidi aliposimulia mambo ya vifungo, Bartholomeo alikwenda kuzungumza na padri, na ndoa za kigango zikahamishiwa siku ya mnada. Asubuhi Generosa alikwenda kwa Mwanaidi kuitwa Mama Athanas, akalivua gauni, likakimbizwa kanisani kwa baiskeli. Klara alilivaa, likamkaa vizuri, akapigiwa vigelegele. Jioni, ngoma imepamba moto, sauti ya Mama Jilala ilisikika ng'ambo ya mashamba: "Bibi harusi, maji!" Klara akabaki na shimizi. Shangazi zake walikuwa wameshika kanga tayari. Ngoma haikukosa hata pigo moja.

Generosa aliitika "Abee," akachukua ndoo. Alipopita nyuma ya nyumba alisimama kidogo, akainama, akasema jina taratibu. Kifungo cha shingoni kikafunguka, kimoja tu. Hakukifunga. Akaenda kisimani, gauni jeupe likionekana mpaka barabarani, na waliokuwa wakitoka mnadani walimsalimu:

"Hujambo, bibi harusi?"

"Sijambo."