Ahadi ya Senene

Protase wa Izigo alipenda kutoa ahadi ambazo alikuwa na hakika hazitamdai. Siku moja binti yake Kemilembe, angali mdogo wa kuchungulia mlangoni, alimwona baba yake anakula senene, wale panzi wa msimu wa mvua, akauliza kwa nini yeye na mama hawapewi. Swali lilikuwa halali kabisa, maana senene wale waliokotwa na mama, wakanyonyolewa na mama, wakakaangwa na mama. Lakini Buhaya kote ilikuwa hivyo: mwanamke huokota, mwanamume hula, na asiyeridhika akamwulize babu yake kaburini. Protase alicheka.

"Siku utakapokuwa mwalimu," alisema, "utakula na mimi sahani moja."

Ilikuwa kama kusema siku punda atakapoota pembe, kwani hapo Izigo nani alikuwa amemwona mwalimu mwanamke? Mtoto akaondoka ameridhika. Watoto wa namna hiyo ni wa kuogopwa.

Kibanja cha Protase, shamba lake la migomba, kilikuwa kidogo, na kahawa yake ilitosha kuvisha watu, haikutosha kusomesha. Waliomsomesha Kemilembe ni masista wa chuo cha ualimu nje kidogo ya mji wa Bukoba, waliomchukua bure kwa sababu ya kichwa chake. Sharti lilikuwa moja: msichana atakayeshindwa mtihani wa kufundisha darasani atafunga mkeka wake arudi kwao, na nafasi yake apewe mwingine. Huko kwao shangazi alikwisha kumtafutia mchumba mwenye kibanja kizuri. Kemilembe hakuwa na ugomvi na ndizi za mtu yule. Alitaka chaki.

Mtihani wake uliangukia Novemba, mwaka wa hamsini na tatu, katika shule moja ya Kagondo. Mkaguzi alikuwa Mwalimu Burhani, mtu wa mjini Bukoba ambaye babu yake alitokea Pangani, mwenye tarbushi nyekundu na sifa ya kuwafelisha watu kwa adabu. Somo lilikuwa viungo vya mdudu. Kemilembe alitumia wiki nzima kumchora nyuki mkubwa kwenye karatasi ya manila, na ukweli usemwe, nyuki yule alipendeza.

Alfajiri ya siku hiyo senene wakaanguka.

Asiyekulia kule inabidi aambiwe. Msimu wa mvua senene hushuka usiku, na kukipambazuka wamejaa rweya, yaani mbuga ya majani iliyo nje ya migomba, wamelowa umande, hawawezi kuruka. Jua likiwapasha moto, wamekwenda. Kwa hiyo siku hiyo habaki mtu nyumbani, awe mgonjwa au mfiwa. Kemilembe alipopiga kengele walikuja watoto wawili tu, mmoja mwenye jeraha mguuni na mwingine ndugu yake aliyeambiwa amtunze.

Mwalimu mkuu Lwakatare, mzee mwenye huruma, alimshauri aseme watoto wana surua. Lakini mkaguzi asingerudi tena hadi mwaka mwingine, na mwaka mwingine Kemilembe angekuwa anapalilia kibanja cha yule mchumba. Alimtazama nyuki wake ukutani. Kisha alichukua kengele akaenda zake rweya.

Huko aliwakuta wanawake na watoto wameinama na vikapu vyao. Aliposema amekuja kuwachukua wanafunzi, aliinuka Joviana, bibi mnene ambaye wajukuu zake watatu walikuwa katika darasa lile.

"Tuache, mwana wange," alisema. "Senene hawangoji kengele."

"Kweli, mama. Lakini wakishaokotwa wanangoja kunyonyolewa. Nipe watoto pamoja na vikapu vyao. Watakurudia mchana na senene waliokwisha kunyonyolewa, tayari kwa kukaangwa."

Hapo alikuwa amemshika pabaya. Kuokota ni furaha, lakini kung'oa mabawa na miguu ya kikapu kizima ni adhabu ya vidole, na kila mwanamke pale aliijua. Joviana alifikiri kidogo, kisha akawaita wajukuu zake, na watoto wa wenzake pia akawaita bila kumwuliza mtu.

Mwalimu Burhani alipoingia, alikuta darasa limefurika, kila mtoto na kikapu mapajani, na senene mmoja anapanda taratibu juu ya nyuki wa ukutani. Alifungua andalio la somo.

"Hapa pameandikwa nyuki, binti," alisema.

"Ndiyo, bwana. Nyuki nitamfundisha kesho. Leo wana senene mikononi."

Mkaguzi alifunga andalio. Alikwenda kukaa nyuma.

Kemilembe aliwaambia wang'oe bawa moja tu, kisha watazame lilikuwa limeshika wapi. Watoto wale walikuwa wamenyonyoa senene tangu wajue kukaa, na sasa waligundua kwamba hawajawahi kumtazama hata mmoja. Waliona mabawa yametoka kifuani, na miguu nayo kifuani, na tumbo halibebi chochote. Mvulana mmoja alishikilia kwamba ile mikubwa ya kurukia si miguu, ni mapaja, na darasa likagawanyika. Kemilembe hakumwambia amekosea. Alimwambia ang'oe, aone imetoka wapi. Aling'oa, akawaonyesha wenzake: kifuani. Baadaye mkaguzi mwenyewe alisimama, akaomba senene mmoja, akamnyonyoa vibaya mpaka akachafua koti.

Mwishowe alifunga karatasi zake, akafika mlangoni, akageuka.

"Mimi senene sili, Mwalimu," alisema. "Lakini leo nimemjua."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita Mwalimu bila kumtania. Kemilembe alifurahi mpaka akakaa juu ya kikapu cha mtu.

Alifika Izigo kabla ya Noeli, tayari amepewa darasa lake. Mchana mama yake, Klaudia, alimwekea Protase sahani ya senene kama kila msimu. Kemilembe alinawa mikono, akaketi mbele ya baba yake, akangoja.

Protase alikumbuka. Angeweza kusema ulikuwa utani, na wanaume wamevunja ahadi nzito kuliko hiyo. Lakini alimtazama binti yake na fahari ikamshinda, akaisukuma sahani katikati.

"Karibu, Mwalimu," alisema.

Kemilembe alichota senene, lakini hakutia mdomoni. Alimwita mama yake aje akae.

"Mama yako si mwalimu," alisema Protase.

"Ndiye aliyenifundisha kunyonyoa, tata. Bila hilo ningeshindwa."

Klaudia alikuja akiwa bado anajifuta mikono, akapokea, akatafuna polepole. Kisha alimgeukia mume wake kwa mshangao.

"Baba Kemilembe, chumvi imezidi."

"Imezidi siku zote."

"Mbona hukusema?"

Protase alitazama chini. "Nilidhani unaonja jikoni kwa siri, na kwamba chumvi ndivyo uipendavyo. Kama ningeuliza, ningekuwa nimekufumania."

"Sijawahi kuonja hata mguu," alisema Klaudia. Aliivuta sahani karibu yake, akachota tena. "Basi kesho nitaonja kwanza."