Doa Linalotoka

Shuka lilifika likiwa limelowa mahali pamoja tu, duara la ukubwa wa sahani, na duara hilo lilinukia sabuni ya kunyolea. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokigundua yule binti dobi. Nani humpelekea dobi shuka ambalo ameshaanza kulifua mwenyewe?

Lilikuwa shuka la kaka yake. Kaka alikuwa kinyozi, na chumba chake cha kazi kilipakana ukuta kwa ukuta na chumba cha kufulia cha shangazi yao. Binti alikuwa akifua kwa shangazi tangu alipoacha shule darasa la tano, na kwa jinsi alivyokuwa mzito wa maneno, wateja walimbatiza jina la Kimya.

Alilikunjua. Katikati ya duara palikuwa na damu iliyofifia, imechanganyika na utelezi kama kamasi. Alitazama ukutani, upande wa pili alikokuwa kaka, kisha akafanya alivyofundishwa.

"Dobi ana mikono, hana mdomo," shangazi alimwambia siku ya kwanza. "Utaona ya wenye ndoa na ya wasio na ndoa. Fua, anika, piga pasi, kunja. Siku utakayoanza kusimulia madoa ya watu, tutabaki tunafua nguo zetu wenyewe."

Basi akachota maji baridi, maana maji ya moto huipika damu ikang'ang'ania. Akatia chumvi, akafikicha taratibu. Doa likatoka. Baadaye likaja shuka jingine, kisha suruali, kisha nguo za ndani zilizoviringishwa ndani ya taulo. Madoa yote yakatoka.

Wifi yake alizipokea nguo nyeupe pe na kucheka. "Kaka yako siku hizi mtu wa usafi! Zamani hata beseni hajui linakaa wapi, sasa shuka ananipokonya mkononi, eti apeleke mwenyewe."

Kimya aliitabasamia pasi.

Kaka alizidi kupungua. Mkanda wake uliongezwa tundu, likaongezwa jingine. Shangazi akamtania, "Mwanangu, unanyoa watu au unajinyoa mwenyewe?"

"Wateja wengi, shangazi. Hata kula nasahau."

Asubuhi moja mteja aliingia kwao mbio, kitambaa cha kunyolea kikipepea shingoni, ndevu upande mmoja zipo, upande mwingine hazipo.

"Jamani! Kinyozi wenu kaniacha nusu bin nusu kakimbilia chooni! Leo ninaposa mimi. Nikifika hivi wakwe watadhani tumekuja wawili!"

Shangazi alicheka mpaka akashika meza. Kimya hakucheka. Kupitia ukuta aliisikia mashine ya kunyolea ikinguruma peke yake, na hakuna aliyeizima.

Alikimbia uani. Alibisha mlango wa choo, akausukuma. Kaka alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, uso umepauka kama majivu. Damu iliyokuwa mle haikuwa doa. Miezi yote Kimya alikuwa akiiona damu hii vipande vipande, kwa ukubwa wa sahani, na wala hakuwahi kuijumlisha.

"Funga mlango," kaka alinong'ona. "Usimwambie mtu."

Lakini shangazi alikuwa ameshafika nyuma yake, na kicheko kilimkatikia kooni.

Hospitalini, daktari mwanamke mwenye sauti ya upole alivuta kiti karibu na kitanda. Wifi alikuwa upande mmoja, akimpepea mumewe kwa kanga. Kimya alisimama mlangoni.

"Damu imeanza lini?"

Kaka alimtazama mkewe. "Jana."

"Una uhakika? Maana majibu mawili yana njia mbili. Ikiwa ni jana, huenda ni vijidudu vya kuharisha. Tutapima choo, nitakupa dawa, na ukipata nguvu utarudi nyumbani. Ila kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo, wenyewe huja kwa miezi. Damu na utelezi, tumbo kusokota, kukimbilia chooni kila mara, kukonda."

Kila neno lilimchoma Kimya. Ilikuwa kama mtu anayakunjua mashuka yale, moja baada ya jingine.

"Huo ni ugonjwa gani?" wifi aliuliza. "Karogwa?"

"Hapana, mama. Wala hauambukizi, wala si kosa lake. Mwili una askari wake wa kupigana na maradhi. Kwa wengine askari hao hukosea adui, wakaugeukia utumbo wenyewe. Utumbo unavimba, unatoka vidonda. Tunaujua kwa vipimo, na kwa kupitisha kamera ndogo ndani. Haumaliziki, ni wa kuishi nao, lakini dawa huutuliza na mtu akaendelea na kazi zake. Ukiachwa, utumbo unaweza kutoboka. Hapo tunakimbizana na kifo."

Kanga ilisimama hewani. "Wa kuishi nao? Mpaka lini?"

"Maisha," daktari alisema, akamgeukia tena mgonjwa. "Kwa hiyo nakuuliza mara ya mwisho, kaka yangu. Lini?"

Kaka alimtazama mkewe, kisha akamtazama dada yake pale mlangoni. Macho yake yalikuwa yaleyale ya chooni. Funga mlango.

"Jana," alisema.

Daktari alichukua kalamu.

Kimya aliiangalia mikono yake, ngozi ya vidole imejikunja kwa maji na chumvi. Aliyatoa madoa vizuri mno, hata wifi anayelala juu ya mashuka yale asione kitu. Alisogea mpaka akaushika ukingo wa kitanda. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyoijua, na wote waligeuka.

"Si jana, daktari. Ni tangu mvua zilizopita, damu na utelezi, kila wiki. Mimi ndiye ninayemfulia. Nimeifua yote."