Siku Moja Tule Wali

TANGAZO KWA JAMII NZIMA YA SHULE. Kwa amri ya Mkuu wa Shule, na kwa maslahi ya taifa, kuanzia leo ni marufuku kwa mshauri yeyote kumwambia mwanafunzi "siku moja tule wali pamoja" bila kutaja siku, saa na meza. Atakayekaidi atafagia uwanja wa michezo kwa vijiti vya kulia wali.

Hati hiyo nzito ilibandikwa kwa punje za wali kwenye mlango wa chumba cha ushauri. Muhuri mwekundu wa mkuu ulikuwa umeanza kuchuruzika, na ulinuka figili.

Hwang Dan-bi, msichana wa miaka kumi na sita, alipita hapo kama mtu asiye na habari. Alikuwa na usonji, na bweni zima lilijua kwamba kwake neno lilikuwa neno. Wenzake walimwita Hakimu.

Safari hii mzaha wake wa mlangoni ulikuwa na kidonda ndani. Ijumaa mama yake angekuja kutoka mji wa Pohang, na Mwalimu Bang, mshauri mpya, angesema mbele ya mkuu kama Dan-bi abaki shuleni au ahamishwe. Tangu maua ya cheri yaanguke, Dan-bi hakuwa amemjibu mshauri huyo neno hata moja.

"Ingia, Hakimu," sauti ikatoka ndani alipopita tena, mlango ukiwa hauna tangazo.

Mwalimu Bang alikuwa amelibandua tangazo, analinusa.

"Siku hizi mkuu wetu anapiga muhuri kwa figili?"

Dan-bi alikodolea macho kitasa cha dirisha.

"Nitazame ninapo..." Bang alijikatiza. Akasogeza kiti, akakaa ubavuni mwake, wote wawili wakalielekea dirisha. "Basi, usinitazame. Nieleze tu habari za huu wali. Nani kamwambia nani?"

Kisha Dan-bi akasema, "Wewe, Mwalimu. Siku ya kwanza, nilipokuwa natoka."

"Aa, ile? Ile ni..."

Katika mji wao wa Andong kila mtu huisema kauli hiyo: majirani wakipishana kwenye ngazi, wauza mboga, wajomba wasiopendana. Ni kwaheri iliyovaa vizuri. Hakuna anayeingoja.

"Siku hukutaja," Dan-bi alisema. "Kwa hiyo kila mchana nilichukua sinia mbili. Ya pili niliiweka mbele yangu, na kijiko chako upande wa kulia. Wenzangu wakaniuliza nakula na mzimu gani. Nikawaambia huyu mzimu ana kazi nyingi."

"Ndiyo maana ukaacha kusema nami."

"Sikujua maneno yako yapi ni ya kweli. Siku ile ile uliniambia kwamba humu ndani niko salama."

Mwalimu Bang alishusha tangazo magotini. Wino uliichafua sketi yake, hakujali.

"Nilikuwa niende kumwambia mama yako kwamba hutaki msaada," alisema.

"Najua. Ukuta wa chumba hiki ni mwembamba."

"Ijumaa nitawaambia kosa lilikuwa langu, na nitaomba ubaki. Mkuu atajibu nini, sijui. Hilo siwezi kukuahidi."

Dan-bi aliigeuza sentensi hiyo huku na huku akitafuta tundu. Hakuliona.

"Kesho tule," Bang akaongeza. "Saa sita na nusu. Meza iliyo karibu na mashine ya maji."

"Na ukichelewa?"

"Nitamtuma mtu aje akwambie."

"Sawa."

Bang akalikunja tangazo. "Sasa. Nani kaandika uchafu huu?"

Dan-bi angeweza kumsingizia mzimu. Kwa kitambo alimfikiria sana huyo mzimu.

"Ni mimi, Mwalimu. Figili niliyochongea muhuri niliitoa jikoni. Ilikuwa ya kimchi, ile achari ya Jumapili."

"Na zile sinia zangu? Zilirudi jikoni zimejaa?"

Masikio ya Dan-bi yakawa mekundu kuliko muhuri.

"Nilizimaliza mimi, Mwalimu," alisema. "Zote. Samaki sili, kwa hiyo ya siku ya samaki tu ndiyo niliyokuachia."