Makro Iliyogoma Kigwena

Ngumi ya kwanza ilimng'oa Josias jino. Ya pili hakuiona. Wakulima wenzake walimburuta kwenye matope yenye mafuta, mbele ya mashine ya kukamulia mawese, huku dada yake Elda, katibu wa ushirika, akipiga mayowe mlangoni mwa ofisi.

"Wiki tatu mudogo wa sekreteri iko wa kwanza ku liste ya zamu!" Cubaka alinguruma, panga juu. "Chikichi zangu zimeoza zote!"

Ukweli ulikuwepo, lakini nani anautaka mbele ya panga? Ushirika wa Kigwena una mashine moja ya kukamulia, na chikichi hazimsubiri mtu. Kompyuta ya zamani ilipokufa, Elda alihamishia faili la zamu kwenye nyingine, yenye programu ya bure. Huko nyuma alikuwa akibonyeza kitufe tu, na makro, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya faili, ikamshusha aliyekwisha kukamua na kuwapandisha wenzake. Programu mpya haikuelewa maagizo yale hata kidogo, nayo ikanyamaza. Tarehe peke yake ndiyo iliyobadilika. Mazoea yana taabu: Elda akaona tarehe mpya, akachapa, akabandika ukutani. Majina hayakuwa yamesogea; la Josias lilibaki juu.

"Ni makro, papa Cubaka! Iko ya programu ya zamani, mu hii mupya haitembei! Ni ordinateri, ni kompyuta ndiyo—"

"Ordinateri inajua jina ya mudogo yako?"

Wakacheka, kicheko kibaya. Mmoja akamkanyaga Josias mbavuni, zikalia. Wawili wakaunyoosha mkono wake juu ya gogo.

"Tukate, tuone kama atakuwa tena wa kwanza."

Hapo Elda akaelewa. Angeeleza mpaka kesho, watu hawa wasingeamini kwamba kompyuta inaweza kukosea bila mtu. Walitaka mtu.

"Ni mimi!" akapiga kelele. "Niliweka jina yake juu na mikono yangu! Yeye hakujua kitu. Mumuachilie!"

Panga likasita. Nyuso zikalegea kama za watu waliotuliwa mzigo. Hilo waliliamini papo hapo, wala hakuna aliyeuliza swali.

Wakamwachia Josias. Akainuka kwa magoti, damu kidevuni, akamkazia dada yake macho.

"Dada, wananipiga hivi kwa sababu yako? Ni kweli?"

Cubaka alikuwa akisikiliza, panga bado mkononi.

"Ni kweli," Elda akasema, akapiga magoti, akauweka mkono wake juu ya gogo.