Itohan na Kidole cha Sita

Itohan alikuwa na kazi ambayo mama mkwe wake hakuweza kuimeza: kutoboa mayai. Pale chuo kikuu, Benin City, alikata kidirisha kwenye ganda, akachungulia kifaranga kikijiunda, kisha akavuruga jeni moja aone bawa litakosea wapi. Sasa alikuwa amejifungua binti mwenye kidole cha sita kila mkono, na ukoo wa mumewe ulikuwa umepata la kusema.

Siku ya kumpa mtoto jina, wazee walijaa sebuleni, mbegu za kola za kutafuna na nazi mezani, na hakuna aliyegusa kitu. Mama mkwe, Mama Omoruyi, akamfuata chumbani.

"Wanangoja kauli yako. Sema unaacha mayai, mtoto apewe jina."

"Siachi, Mama."

"Una kichwa kigumu wewe! Umechezea watoto wa kuku, kuku wamekulipa."

"Kuku wangekuwa na kisasi, Mama, kwa supu unazopika wewe ungesalimika?"

Mama Omoruyi nusura acheke, akajikaza. Akafungua pindo la kitenge, akatoa uzi mweusi.

"Basi nivifunge hivyo vidole vya ziada, vikauke vidondoke. Kwetu ndivyo tunavyofanya."

Itohan akaudaka ule mkono wenye uzi. Ubavuni mwa kiganja, chini ya kidole cha mwisho, palikuwa na kinundu.

"Na hiki, Mama?"

"Hicho? Chunjua tu. Ninacho tangu utoto."

"Nipe mkono wa pili."

Nao ulikuwa nacho, mahali pale pale.

Itohan hakupaza sauti, maana jambo hili alilijua vizuri. "Mwanzoni kabisa, mkono wa mtoto tumboni ni bapa kama mwiko. Jeni ndizo zinazoagiza: hapa ota kidole, hapa acha. Agizo likiwaka pasipotakiwa, kinaota cha ziada. Na hitilafu hiyo hurithiwa. Uzi unaondoa kidole, Mama, lakini kinundu kinabaki, na jeni inabaki. Hujakosa wewe, wala mimi."

Mama Omoruyi aliitazama mikono yake mpaka machozi yakamlenga. Itohan akamwonea huruma. Kisha yule mama akamchukua mjukuu, akatoka hadi sebuleni, akasimama mbele ya wazee.

"Mkwe wangu mwacheni na kazi yake," alisema. "Mtoto apewe jina. Vidole hivi vimetoka kwangu. Mimi vyangu vilifungwa kabla sijajua kuhesabu."